Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Mbacha ni mkeka mkuukuu, uliochakaa kwa kukaliwa na kulaliwa. Msala ni mkeka wa kuswalia: safi, wenye heshima, na mwenyewe huukunja akaondoka nao swala ikiisha. Methali inamwonya mwenye mbacha asiutupe kwa kuvutiwa na msala wa mpita njia. Ukishapita, atalala chini.

Wengi huichukua methali hii kuwa amri ya kuridhika: tulia na ulicho nacho. Huko ni kuipunja. Haikusema mbacha ni bora kuliko msala, wala haikukataza mtu kujinunulia mkeka mpya. Inachokilaumu ni haraka ya kuacha kilicho chako kabla hujajua kama hicho kingine kitakaa au kitapita. Chanzo cha haraka hiyo ni kwamba kilicho chetu tunakijua hadi kasoro zake, ilhali cha wenzetu tunakijua kwa sura tu. Tukilinganisha kasoro za kimoja na sura ya kingine, mizani haiwezi kusema kweli.

Tumchukue mwanafunzi anayemaliza mwaka wa kwanza wa uhasibu Chuo Kikuu cha Dodoma, anayetamani kuhamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shahada ya miaka mitatu nchini Tanzania hudai angalau krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za masomo. Tuseme chuo kipya kinamkubalia krediti 80 tu. Zile 40 zinazobaki ni saa 400 za jasho lililokwisha kumtoka. Zikimlazimu kuongeza mwaka, kutakuwa na ada, pango, chakula na nauli, pamoja na mshahara wa mwaka ambao angekuwa ameshaanza kuupata. Kama anasomeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) na akaongezewa mkopo, deni litakua, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi liishe. Asipoongezewa, mzigo utawaangukia wazazi. Bumu, yaani fedha ya kujikimu itokayo kwenye mkopo huo, huisha kwa wiki chache. Makato hudumu miaka.

Naye anavutwa na nini? Mara nyingi ni jina la Mlimani, kama kinavyoitwa chuo hicho cha Dar es Salaam, marafiki waliotangulia na raha za jiji. Hayo ndiyo msala upitao. Atakapotaka kuwa mhasibu mwenye CPA, yaani cheti cha taaluma ya uhasibu, atafanya mtihani wa bodi ya wahasibu, NBAA, ule ule wanaoufanya wenzake waliosoma Dodoma, Mzumbe au Dar es Salaam.

Mpinzani atajibu kwa methali nyingine: hasara roho, pesa makaratasi. Ana hoja. Yuko mwanafunzi mgonjwa anayehitaji kuwa karibu na matibabu yasiyopatikana alipo. Yuko aliyegundua kwamba fani anayoitaka haifundishwi kabisa chuoni kwake. Hawa mbacha wao umechanika hata haulaliki, na anayeutupa mkeka wa namna hiyo hajavunja methali. Kwao, gharama ya kuhama ni ndogo kuliko gharama ya kubaki.

Kwa hiyo methali haimwambii kijana ahame au abaki. Inamtaka apime kwa haki. Wewe unayefikiria kuhama, omba chuo unachokitaka kikupe kwa maandishi idadi ya krediti zitakazopokelewa. Jumlisha gharama za mwaka wa ziada, na uwaonyeshe hesabu hiyo wanaokulipia. Kisha jiulize kama faida unayoifuata itakuwa bado ipo miaka mitano baada ya mahafali. Ikiwa ipo, funga mizigo bila hofu. Ikiwa huwezi hata kuitaja, baki ulipo umalize shahada yako.