Kuwafunza Watoto Miezi ya Kiislamu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba jua na mwezi akavifanya vipimo vya nyakati zetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wa pwani, sisi wa darasa hili tuko Kakamega, mbali na bahari. Walakini Uislamu uliingia pande hizi katika karne ya 19 kwa njia ya Mumias, ambako misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipokewa na wafalme wa Wanga. Kwa hivyo neno letu la leo ni la ndugu kwa ndugu.

Mtoto wa miaka saba akiulizwa miezi ya mwaka, huitaja Januari mpaka Desemba bila ya kusita. Akiulizwa miezi ya dini yake, huitaja Ramadhani, kisha hunyamaza. Mtoto hana lawama. Shule imetimiza kazi yake, ni juu ya wazazi kutimiza yao.

Wala hatusemi kuwa miezi ya jua haina faida. Mkulima wa Kakamega hungojea mvua za Machi apande mahindi, na nyakati za sala zenyewe zafuata jua. Lakini saumu, Hija, Idi mbili, eda ya mjane na hauli ya zaka, zote hizo zafuata mwezi mwandamo.

Itazameni zaka. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, nao ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11. Mfanyabiashara atoaye zaka kila Januari, ikipita miaka 33, hauli 34 zimekwisha timia. Zaka ya mwaka mzima imebaki sandukuni mwake, nayo ni haki ya maskini! Hakukusudia dhuluma, amekosa hisabu ambayo angeipata chuoni udogoni mwake.

Wazee wa pwani waliifanya elimu hii nyepesi. Baada ya saumu watu hufungua, basi Shawwali wakaiita Mfunguo Mosi, wakaendelea mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Mtoto ajuaye kuhesabu mpaka tisa amekwisha pata robo tatu za mwaka. Lakini afahamishwe kuwa mwaka wa Hijra, kama ulivyopangwa katika ukhalifa wa Sayyidna Umar, huanza Mfunguo Nne, ndio Muharram. Kwa hivyo ayajue majina yote mawili, la Kiswahili na la Kiarabu.

Kisha kila mwezi aujue kwa jambo lake. Mfunguo Tatu ni Hija na kuchinja. Mfunguo Nne, tarehe 10, ni Ashura. Mfunguo Tano, yaani Safar, si mwezi wa nuhusi; Mtume ameikanusha itikadi hiyo. Na miezi mitukufu minne ambayo Kurani imeitaja idadi yake katika Suratut-Tawba, aya ya 36, ni Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, Mfunguo Nne na Rajabu.

Njia ya kufunza ni rahisi. Jioni ya tarehe 29, baba na amshike mwanawe mkono, watoke jua likichwa wautazame mwezi. Ukionekana, mwezi umeandama. Usipoonekana, zitimizwe siku 30. Asubuhi mama na amuulize: leo mwezi mwandamo ni wa ngapi? Na mwalimu wa chuo aandike tarehe ya Hijra ubaoni kabla ya somo.

Mtu asidhani kuwa haja hii ni ya watu wa bara peke yao. Majina ya Mfunguo yametoka kwenu. Basi msiyaache yakazikwa pamoja na mabibi waliokuwa wakiyatumia. Atakayeijua miezi yake leo, kesho atajua lini afunge, lini atoe, na lini haki ya mwenziwe imefika.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha. Amin.