Picha Niliyoipata, Mchezo Nilioukatisha



Leo tujiulize: je, ni kosa kutamani kitu kizuri? Nauliza kwa sababu ya picha moja ambayo bado iko kwenye simu yangu.

Tulikuwa Hifadhi ya Mikumi, vijana wa parokia kwenye gari moja. Tuliingia getini saa 12 asubuhi, maana kwa picha za wanyama mwanga wa asubuhi hauna mpinzani. Jua liko chini, linamulika manyoya kutoka ubavuni, na rangi zinatulia. Ikifika saa 4 kila kitu kimepauka, na simba wameshalala.

Kwenye uwanda wa Mkata tukawaona watoto watatu wa simba. Jamani! Mmoja anauma mkia wa mwenzake, mwingine anajificha kwenye nyasi kisha anamrukia, wanabingirika wote. Mama yao amejilaza pembeni. Walikuwa mbali kidogo, na kuacha barabara hairuhusiwi. Nikamwambia dereva, "Kaka, sogea kidogo tu." Akasita. Nikambembeleza, akasogea.

Mchezo ukaisha palepale. Mama akasimama, watoto wakajibanza nyuma yake, wakapotelea nyasini. Nilipata picha moja, ya karibu, mwanga safi kabisa. Ila ni picha ya mama mwenye wasiwasi. Kile nilichokitaka hakimo.

Zaburi ya 104 inamtaja Lewiathani, ambaye Mungu alimuumba acheze baharini. Yaani acheze tu! Nayo Katekisimu, namba 2416, inafundisha kwamba wanyama humtukuza Mungu kwa kuwapo kwao tu, na sisi tunawiwa kuwatendea wema. Kumbe mchezo ule ulikuwa na Mtazamaji wake kabla mimi sijafika.

Sidhani kutamani kulikuwa kosa. Hamu ya kuona uzuri ndiyo iliyoniamsha saa 9 usiku. Kosa lilianza pale nilipoona uzuri ule hautoshi mpaka uwe wangu. Na sikuwasumbua simba tu: nilimsukuma mtu avunje sheria kwenye kazi inayomlisha. Nililisema hilo kwenye kitubio, nikidhani padre atacheka. Hakucheka.

Mtu atasema, mbona picha hutufundisha kuwapenda viumbe? Kweli kabisa, na bado napiga. Lakini siku hizi nabaki barabarani, injini imezimwa, nasubiri. Wakicheza, namshukuru Mungu. Wasipocheza, namshukuru pia.

Tena, si kwa wanyama tu. Mara ngapi tumemwona mtoto anacheka, tukamsogezea simu, kicheko kikakatika?

Ee Bwana, utufundishe kufurahia hata kile tusichokimiliki. Amina.