Asiyekuwepo na Deni Lake

Mtoto akikuta kikombe kimevunjika, neno la kwanza kumtoka ni "Si mimi." Kwake kosa ni tendo: nani kashika, nani kaangusha. Naamini utu uzima unaanza pale jibu hilo linapoacha kutosha, na sijasoma kitabu cha watoto kinacholionyesha hilo kama Prince Caspian cha C. S. Lewis, kilichotoka mwaka 1951. Ni mwendelezo wa kisa cha ndugu wanne wa Kiingereza walioingia Narnia kupitia kabati la nguo wakatawazwa huko wafalme na malkia.

Wamekaa kwao mwaka mmoja tu. Wakiwa stesheni wakisubiri treni za kwenda shule, wanavutwa ghafla hadi kisiwani, penye magofu yaliyomezwa na miti. Susan anaokota karibu na kisima kete ya sataranji: farasi mdogo wa dhahabu, mzito kuliko anavyoonekana, jicho moja la yakuti, la pili limeng'oka. Anakaribia kulia. Ndizo kete walizokuwa wakichezea ikuluni. Gofu lile ni kwao. Narnia imepitiwa na mamia ya miaka. Wageni wameiteka, wanyama waliokuwa wakizungumza wamejificha, na wengine wamesahau kabisa kusema.

Watoto hawa hawakuvunja kitu. Walitoka kumwinda kulungu mweupe, wakajikuta wamerudi Uingereza bila kumuaga mtu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, nasi tunamtajia hivyo aliyekosa fungu lake. Fungu kweli limekwenda. Je, na deni limekwenda? Lewis anajibu kwa vitendo vya Peter. Angeweza kusema "Si mimi," na angekuwa mkweli. Badala yake anautoa upanga wake katika chumba cha hazina, na baadaye anapigana ana kwa ana na mfalme mnyang'anyi. Kiti hakidai, anamwachia kijana Caspian, mrithi halali. Haki ya asiyekuwepo imepotea, deni lake liko palepale, naye analilipa bila kulalamika. Sijui tafsiri bora ya neno ukubwa.

Na kilichowaita ni nini? Pembe ya Susan ya kupuliza kuita msaada, ile ile iliyopotea siku ya kumwinda kulungu.

Mwishoni Peter na Susan wanaambiwa wamekua, hawatarudi tena Narnia. Wote wanne wanajikuta stesheni, mizigo yao ubavuni, na hapo Edmund anakumbuka kwamba tochi yake mpya ameisahau kule.