Mwili wa Mwanamke na Jicho la Mtazamaji



Katika kimoja cha vikao vyetu vya masomo, kijana mmoja alikuja na kitabu chenye picha za sanaa za Ulaya, akauliza: "Picha hizi za wanawake walio uchi, je, ni elimu au ni upotofu?" Wazee wawili wakajibu papo hapo, mmoja kwa neno la kwanza na mwenzake kwa neno la pili, na kikao kikavunjika bila ya natija. Sisi twaona kwamba wote wawili walifanya haraka. Chini ya swali la kijana yule pana swali jingine, nalo ndilo litupasalo kulipima kwanza: mwanamke aliyechorwa, aliulizwa?

Desturi ya kumfanya mwanamke sanamu ni kongwe kuliko maandishi. Mwaka 1908, huko Willendorf katika nchi ya Austria, kilichimbuliwa kijisanamu cha jiwe chenye urefu wa sentimita 11 hivi, nacho kwa hesabu ya wataalamu kina umri wa miaka ipatayo 30,000. Kina matiti makubwa, tumbo kubwa na nyonga pana, na kichwa chake kimezungushiwa mistari mithili ya nywele zilizosukwa. Lakini uso hakina. Hatumhukumu aliyekichonga, kwani makusudio yake yamezikwa naye. Twalitaja hilo la uso kwa sababu litarejea mbele.

Wayunani nao kwa muda mrefu waliwachonga wanaume uchi, na wanawake wakawachonga wamevaa nguo. Mambo yaligeuka katika karne ya 4 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, pale Praxiteles alipochonga sanamu ya Aphrodite akiwa uchi, kana kwamba aingia kuoga, na mkono wake mmoja wausitiri utupu wake. Mwandishi wa Kirumi, Pliny, asimulia kwamba mchongaji huyo alikuwa na sanamu mbili, moja imevaa na moja haikuvaa. Watu wa Kos wakanunua iliyovaa, kwa kuona ndiyo yenye heshima. Watu wa Knidos wakaichukua iliyokataliwa, ikawaletea sifa hata watu wakawa wasafiri baharini kwenda kuitazama.

Hapa na tuzingatie jambo moja. Mwanamume wa Kiyunani aliyechongwa uchi husimama kama shujaa, hafichi kitu. Mwanamke yule ajisitiri kwa mkono. Yaani mchongaji alijua kwamba atazamwa pasipo kutaka, na haya yake ile ile akaifanya kuwa sehemu ya ladha ya kutazama. Haya iliyokuwa ngao ikageuzwa pambo.

Tuteremke hata mwaka 1814. Mwaka huo mchoraji wa Kifaransa, Ingres, alichora picha ya mwanamke wa nyumba ya kifalme ya Kituruki, amelala uchi, amegeuza shingo kumwangalia mtazamaji. Ingres hakupata kufika nchi za Mashariki maisha yake yote, na hata lau angalifika, ndani ya nyumba ile asingaliingia mwanamume mgeni. Basi alichora asichokiona, akawauzia watu wake ndoto yao wenyewe, wakaiita ndiyo hali ya wanawake wa Kiislamu. Hata mgongo aliurefusha kupita kiasi cha mwili wa binadamu, na wakosoaji wa zama zake walimlaumu kwa hilo. Lakini uwongo ulio mkubwa zaidi hawakuulalamikia.

Na mwaka huo huo wa 1814 mwanamke wa kweli alipelekwa Paris ili atazamwe. Huyo ni Sarah Baartman, wa kabila la Khoikhoi wa Afrika ya Kusini, aliyechukuliwa kutoka Cape Town mwaka 1810 na kuonyeshwa London kwa malipo, kwa sababu ya umbo la mwili wake. Mwaka 1815 wataalamu na wachoraji wa Paris walimchora, naye akashikilia kujisitiri sehemu aliyoweza kuisitiri. Akafariki mwaka ule ule. Ndipo mtaalamu Georges Cuvier alipoupasua mwili wake, na yale aliyoyakataa hai yakachukuliwa kwake maiti. Mifupa yake na sanamu ya plasta ya mwili wake viliwekwa katika makumbusho, vikatazamwa mpaka miaka ya 1970. Hakurejeshwa kwao ila mwaka 2002, akazikwa tarehe 9 Agosti, miaka 186 na zaidi baada ya kufa.

Wala tusijidanganye kwamba hayo ni ya Wazungu peke yao. Katika jangwa la Jordan lingaliko jumba la Qusayr Amra, lililojengwa zama za Bani Umayya katika karne ya 8, na kuta za hamamu yake zina picha za wanawake waogao. Waliochorewa walikuwa watawala wa Kiislamu. Na katika pwani yetu hii, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wapigaji picha wa Unguja na Mombasa waliuza kadi za posta zenye picha za wanawake wa hapa, na mara nyingi chini yake hapakuandikwa jina la mtu, bali kabila tu. Uso walikuwa nao, jina hawakupewa. Na asiye na jina ni kama yule wa Willendorf.

Patakuwa na mwenye kusema: "Mwili ni umbile la Mwenyezi Mungu, na uzuri si aibu." Hayo ni kweli, nasi hatuulaumu mwili. Wala uchi peke yake si kipimo. Mwaka 1610 binti wa Kitaliano, Artemisia Gentileschi, alichora kisa cha Susanna aliyevamiwa na wazee wawili alipokuwa akioga. Wanaume wengi walikichora kisa hicho, na katika nyingi za picha zao Susanna ametulia kana kwamba hakuna lililompata. Artemisia alimchora akijipinda kwa uchungu, na mikono yake yawasukuma wale wazee. Hatusemi kwamba picha ile yafaa kutundikwa majumbani mwetu. Twasema kwamba mchoraji yule alikuwa upande wa mwenye kudhulumiwa, na wenziwe walisimama pamoja na wale wazee.

Mwingine atasema: "Basi picha zote na zichanwe." Hilo nalo lilijaribiwa. Tarehe 10 Machi 1914, Mary Richardson aliingia National Gallery ya London akaikatakata picha ya Velázquez ya mwanamke uchi. Alifanya hivyo kwa kupinga kufungwa kwa kiongozi wao, Emmeline Pankhurst, na mwaka 1952 akaongeza kwamba alichukizwa na namna wanaume walivyokuwa wakiikodolea macho. Picha ikatengenezwa, ikatundikwa tena. Chombo chake kilikata kitambaa, hakikulifikia jicho.

Jicho ndilo asili ya jambo. Katika Suratun-Nur, amri ya kuinamisha macho waliamrishwa wanaume kwanza, katika aya ya 30, kabla ya wanawake kuamrishwa katika aya ya 31. Nasi tumezoea kuihubiri ya 31 kwa sauti kubwa mbele ya wake zetu na dada zetu, na ile ya 30 twaipita mbio, kana kwamba iliteremka kwa watu wengine.

Na mtihani wenyewe hauko Paris. Katika miji yetu wanawake hukutana arusini, mlango umefungwa, wakajipamba na kucheza kwa kuaminiana. Siku hizi simu moja yaingia, picha yatoka, na kabla ya alfajiri imefika mikononi mwa wanaume wasiowajua. Asubuhi alaumiwaye ni binti aliyevaa, si aliyepiga picha, wala si aliyeipeleka mbele. Na aipokeaye husema: "Mimi sikupiga, nimetazama tu." Walionunua tiketi London mwaka 1810 nao wangaliweza kusema hivyo hivyo, kwani wao hawakumtoa mtu kwao, walitazama tu. Lakini lau pasingalikuwa na watazamaji, asingalichukuliwa.

Basi kijana wetu na ajibiwe hivi: kisome kitabu chako, na kila picha iulize nani aliyeitaka, nani aliyelipa, na yule aliyemo ndani yake alikuwa na hiari gani. Kisha uitoe simu yako mfukoni, uiulize maswali yayo hayo. Ukikuta humo picha ambayo mwenyewe hakukuridhia, ifute, wala usimpelekee mwenzio.

Wa billahi tawfiq.