Deni la Mto

Wazee wetu walimtaka mtu aliyetia uchafu kisimani apige yowe kwanza, ndipo ashuke kuutoa. Adhabu ilifuata baadaye. Mpango huo nilikuwa nikiudhani kuwa ni adabu ya kijijini tu, hata nilipoitafakari habari ya mto Ambarnaya.

Tarehe 29 Mei 2020, karibu na mji wa Norilsk, kaskazini ya mbali ya Urusi, tangi la akiba la dizeli katika kituo cha umeme lilipasuka. Zilimwagika tani zipatazo 21,000. Kiasi cha 6,000 zilinywewa na ardhi, na 15,000 zikaingia majini, zikateremka kwa mto Daldykan hata Ambarnaya, uelekeao ziwa Pyasino. Maji yakawa mekundu. Wafanyakazi walitandaza vizuizi vieleavyo, wakayavuta mafuta kwa pampu. Lakini dizeli ni nyepesi, na sehemu yake huchanganyika na maji isikamatike tena. Nchi ile ni ya Wanenets, Wadolgan na Wanganasan, watu wa uvuvi na uwindaji.

Februari 2021 mahakama iliamuru zilipwe ruble bilioni 146, nazo zikalipwa mwezi uliofuata. Kampuni yenyewe ilikuwa imekadiria bilioni 21. Basi mto mmoja ulikuwa na bei mbili, kama doti ya kanga dukani! Simlaumu apigaye hesabu, kwani bila hesabu mkosaji huenda zake bure. Lakini karibu fedha zote ziliingia katika hazina ya dola, na mvuvi wa Pyasino hanywi hazina.

Liko deni jingine ambalo mahakama hailipimi, nalo ni deni la habari. Mwezi wa Juni 2020 Rais wa nchi aliuliza hadharani kwa nini serikali ilijua siku mbili baadaye. Kampuni ilikana kuchelewa. Mimi si hakimu wao. Nasema tu kwamba fidia yaweza kungoja mwaka, bali neno la kumzuia mtu asiteke maji lina saa yake, na saa hiyo ikipita halilipiki kwa ruble wala kwa shilingi.

Nasema haya kwa kuwa mimi nami nimekuwa karani. Nikingali kijana, ililetwa ofisini barua kwamba kisima kilicho chini ya mashine ya kusaga kilikuwa kikinuka mafuta. Ilikuwa Ijumaa, na mkubwa wangu alikuwa safarini. Niliipiga muhuri, nikaiweka katika jalada ingoje sahihi yake, nikaenda nyumbani kuandika shairi. Utaratibu ulikuwa upande wangu, na hapana aliyenikaripia.

Jumanne tulifika kijijini. Bibi mmoja mwenye ndoo alinitazama, akaniuliza, “Mwanangu, mlijua tangu lini?” Hakuuliza habari ya fidia.

Nilimjibu, “Tangu jana, bibi.”