Mgeni Katika Nyumba ya Klabu

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu nimeusikia tangu utotoni, na kwa miaka mingi nilidhani maana yake ni moja tu: mgeni akija hupikiwa pilau, na watoto wa nyumba, ambao wiki nzima wamekula ugali na mchicha, nao hupata kipande cha nyama. Sikuwahi kujiuliza ni nani hasa huyo mwenyeji anayepona. Je, ni mwenye nyumba peke yake, au ni kila alalaye ndani yake? Swali hili lilinijia ukubwani, tena kwa sababu ya jambo ambalo msomaji pengine ataliona dogo: klabu ya kandanda ya London kuukodisha uwanja wake kwa mpira wa Kimarekani.

Niueleze kwanza mchezo wenyewe, maana kwetu wanaoujua ni wachache. Ni mchezo wa mikono zaidi kuliko wa miguu. Mpira umechongoka ncha mbili, wachezaji huvaa kofia ngumu na makinga ya mabega, na kazi yao ni kuusogeza mpira mbele yadi kwa yadi huku wapinzani wakiwaangusha. Majitu yenye kilo 130 na zaidi hujikita ardhini kwa viatu vya njumu na kusukumana kama mafahali. Majani hayastahimili mambo hayo. Isitoshe, uwanja mzima huchorwa mistari na tarakimu, na rangi yake haifutiki upesi.

Mimi ni shabiki wa Tottenham Hotspur tangu mwaka 1981, mwaka ambao Ricardo Villa, Muargentina, aliwapita walinzi wa Manchester City mmoja baada ya mwingine na kufunga bao lililowapa Tottenham Kombe la FA kwa mabao 3-2. Sikuliona bao hilo. Nilisikia habari zake katika redio, na redio yenyewe haikuwa yetu. Ilikuwa ya mpangaji wetu, ambaye nitamrudia baadaye.

Sasa twende Wembley, Oktoba 2018. Tottenham walikuwa wamebomoa uwanja wao wa White Hart Lane, waliouchezea tangu 1899, na ule mpya ulikuwa umechelewa kukamilika. Kwa hiyo walikuwa wapangaji Wembley. Wakati huohuo ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, NFL, ilikuwa na mechi tatu katika uwanja huo, Jumapili tatu mfululizo. Moja kati ya hizo ilipaswa kuchezwa katika uwanja mpya wa Tottenham, ikahamishiwa Wembley kwa sababu hiyohiyo ya ucheleweshaji. Jumapili ya tarehe 28 Wamarekani wakacheza. Jumatatu ya tarehe 29 Tottenham wakaingia kucheza na Manchester City juu ya majani yaliyochanikachanika, katikati ya uwanja ikisomeka nembo ya NFL, na mistari ya watu wengine ikikatiza kila upande. City walishinda bao 1-0, mfungaji Riyad Mahrez. Mwishoni Erik Lamela alipata nafasi nzuri akaipaisha juu, na wengi wakasema mpira uliruka kwenye bonde la majani kabla haujafika mguuni pake.

Nilikasirika, nakiri. Nilikaa katika kibanda tunachotazamia mpira, nimelipa kiingilio changu, nikalaani. Jirani yangu, shabiki wa Arsenal, akaniuliza kwa utulivu uliokusudiwa kuniudhi: "Kwani ile nyumba ya nani?" Sikuwa na jibu. Tottenham walikuwa wageni wakimlalamikia mgeni mwenzao. Halafu hicho kibanda chetu nacho mchana huonyesha filamu za Kihindi na usiku kandanda, na sijawahi kumsikia mtu akidai kwamba filamu zimeyatia najisi mabenchi.

Lakini kukosa jibu si sawa na kuwa umekosea. Nikaendelea kuliwaza jambo lile, na kadiri nilivyoliwaza ndivyo nilivyoona kwamba majani ni sehemu ndogo tu ya malalamiko yetu. Uwanja mpya ulipofunguliwa Aprili 2019 ulithibitisha hivyo.

Uwanja huo ni ajabu ya ufundi, nasema bila kejeli. Una viti zaidi ya 62,000. Majani ya kandanda yamepandwa juu ya sinia tatu kubwa za chuma, zote pamoja zikiwa na uzito wa karibu tani 10,000. Wamarekani wakija, sinia hizo hutenganishwa na kusukumwa zikaingia chini ya jukwaa la kusini, kazi ya dakika 25 hivi. Chini yake kuna uwanja wa pili, wa majani ya bandia, ulio chini zaidi kwa mita 1.6. Kina hicho kina sababu yake: katika mpira wa Kimarekani wachezaji wa akiba na makocha husimama kwa makumi pembeni mwa uwanja, na bila kushuka chini hivyo wangewaziba watazamaji wa viti vya mbele. Wageni wana hata vyumba vyao vya kubadilishia nguo. Wanaingia, wanacheza, wanaondoka, na majani hurudishwa mahali pake bila alama ya kiatu hata kimoja.

Basi tukasema, tatizo limekwisha. Mgeni halali tena kitandani kwetu. Kwa nini basi moyo wangu, na mioyo ya mashabiki wengine, haikutulia kabisa?

Kuna kisa cha zamani kinachonisaidia. Mwaka 1995 timu ya mpira wa Kimarekani iitwayo London Monarchs ilipanga White Hart Lane. Uwanja wa mchezo wao hutakiwa kuwa yadi 100 kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli. White Hart Lane haikuwa na nafasi hiyo, ikabidi watu wazima wacheze katika yadi 93. Mwaka uliofuata William Perry, jitu la Chicago lililokuwa likiitwa Jokofu kwa ukubwa wake, alivaa jezi ya timu hiyo. Hebu mfikirie Jokofu katika uwanja uliopunguzwa! Mgeni alikubali kukatwa apate kuenea katika nyumba ya mwenyeji. Baadaye mambo yakageuka. Mkataba na NFL ulitiwa saini 2015, kabla White Hart Lane haijabomolewa, na nyumba mpya ikajengwa kwa kipimo cha mgeni tangu msingi wake. Mwaka 2023 ikatangazwa kuwa makao ya NFL katika Uingereza. Makao, si nyumba ya kufikia.

Watu wa Dar es Salaam watanicheka hapa. Simba na Yanga, mahasimu wakubwa kupita wote nchini, kwa miaka mingi wametumia uwanja mmoja ambao si mali ya yeyote kati yao, na mapenzi ya mashabiki hayajapungua hata chembe. Ni kweli. Lakini asiyekuwa na nyumba hawezi kusumbuliwa na suala la kupangisha. Suala hili humpata yule aliyesema "hapa ni kwetu" kwa zaidi ya miaka 100, akawaambia watoto wake vivyo hivyo.

Na wapo wanaolichukulia suala hili kwa rangi tu. São Paulo, Septemba 2024, NFL ilicheza katika uwanja wa klabu ya Corinthians. Mashabiki wa Corinthians hawavai kijani, kwa kuwa kijani ni rangi ya Palmeiras, mahasimu wao. Timu zilizoletwa zilikuwa Philadelphia Eagles na Green Bay Packers, na zote mbili rangi yao ya jadi ni kijani! Mtu wa mbali atasema, rangi ni rangi. Nami singemcheka shabiki wa Corinthians aliyekunja uso, maana kama kijani hakikumdhuru mtu, basi na nembo ya klabu yake haikumfaa mtu kitu.

Sasa nimrudie mpangaji wetu. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka 12, Tanga, katika nyumba yetu ya Ngamiani. Chumba chake kilikuwa cha mbele, dirisha linatazama barabara. Mama alipotoka eda alikipangisha kwa fundi redio. Hakuniuliza, na mtoto wa umri ule hakuwa mtu wa kuulizwa. Nilimchukia fundi yule kwa chuki ambayo leo inanitia haya. Hakuwa amenikosea neno. Alilipa kwa wakati, alifagia baraza, alimwita mama "dada" kwa heshima, na jioni aliiweka redio dirishani ili sote tusikie. Lakini aligongelea misumari minne katika ukuta wa baba, akatundika rafu ya vifaa vyake, na mimi kila nilipopita ukumbini nikasikia harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya mahali nilipozoea harufu ya udi. Ningekuwa na uwezo wa kukisukuma chumba kile chini ya nyumba kila asubuhi na kukirudisha usiku bila tundu la msumari, ningefanya. Na nina hakika ningeendelea kuumia. Kilichoniuma kilikuwa ni kujua kwamba chumba kinaweza kuwa cha mtu mwingine, na ukuta usidondoke.

Huo ndio uchungu wa shabiki, nadhani. Si dhuluma. Ni kuonyeshwa kwamba kile alichokiona kitakatifu kina bei, na bei yenyewe inajulikana kwa siku na kwa saa. Mtu mzima hana budi kuumeza uchungu wa namna hiyo. Klabu ilijenga uwanja uliogharimu karibu pauni bilioni 1, na deni hilo halilipwi kwa nyimbo.

Lakini niliumeza wangu kwa sababu ambayo sikuijua mpaka nilipokuwa nafungasha kwenda shule ya bweni. Sanduku la bati, godoro, jozi ya viatu, mashuka mawili, nauli ya basi: vyote vilitoka katika chumba cha mbele. Mama alifungua kitambaa akanihesabia, akasema, "Hii ni ya fundi. Ukipita pale mbele, muage." Nilimuaga. Yule niliyemwona mvamizi ndiye aliyenipeleka shule, na mwenyeji aliyepona alikuwa mimi.

Kwa hiyo nikitaka kuipima haki ya jambo la Tottenham siangalii tena majani. Naangalia kitambaa kikifunguliwa. Mwaka 2024, miaka mitano tangu mgeni ahamie rasmi, klabu ilipandisha bei ya tiketi za msimu kwa asilimia 6 na kutangaza kupunguza nafuu ya bei waliyokuwa wakipewa wazee. Mashabiki walipinga hadharani. Wale wazee ni watu waliosimama White Hart Lane wakinyeshewa mvua katika miaka ambayo hapakuwa na Mmarekani yeyote aliyelijua jina la mtaa ule. Klabu itasema kodi ya mgeni hununua wachezaji, na wachezaji ni wa wote. Pengine. Mei 2025 Tottenham walitwaa Kombe la Ligi ya Ulaya mjini Bilbao kwa kuifunga Manchester United 1-0, kombe la kwanza tangu 2008, na mimi nililia kibandani mbele ya watu. Hata hivyo mzee anayeambiwa kiti chake sasa kitapanda bei, katika nyumba iliyopata mpangaji tajiri kuliko wote duniani, ana haki ya kuuliza pilau imeliwa chumba gani. Sioni jibu la heshima ambalo angeweza kupewa.

Labda naidai klabu udugu ambao haikuniahidi. Mama alikuwa mama, na kampuni ni kampuni. Lakini ni klabu yenyewe inayotuita familia kila inapouza jezi.

Fundi alihama mwaka 1986, akafungua kibanda chake sokoni. Nilirudi likizo nikakuta chumba kitupu, na yale matundu manne ukutani. Mama alinipa chokaa na mwiko, akaniambia nizibe kabla mpangaji mwingine hajaja Ijumaa. Nikaziba, nikapaka, nikamsaidia kutandaza mkeka mpya.