Jina la Muziki Halitoi Hukumu

Je, ni lazima tujue jambo ni la aina gani ndipo tuweze kulihukumu? Swali hili la zamani la wanafalsafa limeturudia watu wa pwani kupitia muziki. Mwaka 2024 Sisso na Maiko wa Dar es Salaam walitoa albamu ya singeli, muziki wa kasi wa vijana wa mjini, iitwayo Singeli Ya Maajabu kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mapigo yake yanapita 200 kwa dakika, kinanda kinakimbia juu ya vipande vya sauti vilivyokatwa na kurudiwarudiwa, na mara nyingi hakuna mwimbaji wa kumwongoza msikilizaji. Huko Ulaya wapo wanaoiita tekno, na wapo wanaoifananisha na muziki wa kasi wa Rotterdam wa miaka ya 1990. Mtu wa kijiji chetu cha Ushongo, pwani ya Tanga, aliyekua na taarab ya Tanga na dufu la maulidi, ana haki ya kuuliza: hii ni ngoma, ni muziki, au ni kelele tu? Taabu inaanza pale jibu la swali hilo linapofanywa hukumu, kwamba ikiitwa ngoma iingie harusini na ikiitwa kelele ifukuzwe. Ninashikilia kwamba utaratibu huo umepinduliwa. Aina ya muziki ni makubaliano ya watu, na makubaliano huja nyuma ya kitendo. Haki na batili zinakaa kwenye kitendo chenyewe.

Historia yetu wenyewe inashuhudia. Katika miaka ya 1960 Black Star Musical Club ya Tanga iliingiza gitaa la umeme na besi katika taarab, wakati taarab ya Unguja ilijulikana kwa fidla, udi na ganuni. Mwenye kushika orodha ya ala mkononi angesema hiyo si taarab. Leo sauti ya Shakila, mwimbaji wa taarab ya Tanga, ikisikika redioni, hakuna anayeuliza. Baadaye, huko Dar es Salaam, vijana wa uswahilini walichukua kinanda kidogo cha Casio, wakakiunganisha na spika chakavu na kukiweka katikati ya ngoma za Kizaramo, na mchiriku ukazaliwa. Singeli ilichota humo humo: mtayarishaji anachukua kipande kifupi cha wimbo, anakizungusha kwenye kompyuta, kisha anaongeza mwendo mpaka sauti ya mtu inakuwa nyembamba kama filimbi. Katika kila hatua kitu kilitangulia na jina likafuata. Basi anayehukumu kwa jina katika siku za mwanzo anategemea kipimo ambacho bado hakijatengenezwa.

Mbele ya Ushongo, baharini, kuna mfano wa namna bora ya kuamua. Maziwe huitwa kisiwa, na zamani ilikuwa na mivinje. Sasa ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kasa bado hupanda kutaga pale. Wahifadhi hawakungoja wataalamu wakubaliane kama Maziwe ingali kisiwa. Walitazama maji yanafanya nini kwa mayai, wakawa wanayafukua kwa uangalifu, wanayavusha na kuyafukia tena kwenye ufukwe wa Ushongo, mahali ambapo maji hayafiki. Uamuzi wao ni sahihi, na umesimama bila msaada wa jina.

Atakayesema kwamba dini haiendi hivyo na asome mlango wa usikilizaji katika Ihya Ulum al-Din ya Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Anaanza na sauti nzuri yenyewe, kama ya ndege, na haoni katika utamu wake sababu ya uharamu. Kisha anachunguza yanayoizunguka: anayeimba, ala, maneno, hali ya moyo wa msikilizaji, na mazoea yanayommalizia mtu wakati wake. Ni kweli kwamba alizikataa baadhi ya ala za nyuzi na za kupuliza, na hapo mpinzani atasema kuwa naye alihukumu kwa aina. Lakini sababu aliyoitoa ni kwamba zilikuwa alama ya vikao vya walevi. Alitazama zinaita nini na zinakumbusha nini. Mti na uzi havikuwa na kosa. Kompyuta haimo katika orodha yoyote ya wazee wetu, kwa hiyo hatuna budi kurudi kwenye sababu zao.

Wapo wanazuoni wasioruhusu ala isipokuwa dufu, na hofu yao ni ya kuheshimiwa: mlango ukiachwa wazi kidogo, kila mtu atapita na lake. Ninawajibu kwamba kipimo cha kitendo ni kikali kuliko kipimo cha jina. Kinauliza spika zimewashwa saa ngapi na mgonjwa wa nyumba ya pili amelalaje, maneno yanamvunjia nani heshima, na mabinti wanarudi nyumbani salama au hapana. Vigodoro, yaani sherehe za mitaani za usiku kucha, vilipopigwa marufuku, malalamiko ya haki yalikuwa juu ya mambo kama hayo, na yangekuwa ya haki vilevile kama ingepigwa rumba. Jina, kinyume chake, humwadhibu asiye na kosa na kumwachia mwenye kosa: kaswida inayopigwa kwa kujionyesha hupita kwa kuwa ni kaswida, na singeli ya kijana anayefurahia harusi ya dada yake huzimwa kwa kuwa ni singeli.

Wengine watauliza: bila majina tutafundishaje, tutauzaje, tutawalipaje wasanii haki zao? Majina na yabaki kwa kazi hiyo. Ni vyombo vya sokoni na darasani, na vinafaa. Lakini tusiyape kiti cha hakimu. Harusi ikifika na spika zikashushwa, wazee wa Ushongo wana wajibu wa kusikiliza kwanza, kuuliza yale maswali ya haki, kisha kusema ndiyo au hapana. Muziki huo ukiitwa singeli, tekno au usipoitwa chochote, wajibu huo haupungui.